Kilichouzwa Msasani
Mhadhara kwa wasikilizaji wa Njombe na Makambako



Naliombwa kusema juu ya kukua kwa miji, na waliponiomba walitaraji, bila shaka, kwamba ningeanza na Makambako, mji ambao wengi wenu mmeuona kwa macho yenu ukitoka katika vibanda vya njia panda hadi ulivyo leo. Nimechagua kuanzia mbali zaidi, katika kijiji cha wavuvi kilicho zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, na naomba radhi kwa wale watakaoona kwamba habari za chumvi na ngalawa hazina nasaba na nchi hii ya juu ya viazi, chai na miwati. Nasaba ipo. Mapaa mengi ya majumba ya pwani yameezekwa juu ya mbao zilizopasuliwa katika misitu ya Njombe na Mufindi. Viazi vinavyokaangwa katika mikahawa ya Masaki, Dar es Salaam, aghalabu vimechimbwa katika mashamba yenu. Na malori yanayolala hapa, mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Tunduma na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni yake, hubeba mali hiyo usiku kucha kwenda kwa watu ambao hawajui jina la kijiji ilikotoka. Iko pia sababu ya pili, iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo nitaieleza baadaye kwa kuwa inahusu mkoa huu wenyewe.

Kijiji ninachokikusudia ni Msasani. Leo atajaye jina hilo mbele ya mkazi wa Dar es Salaam humkumbusha rasi yenye kuta ndefu, balozi za mataifa, hoteli zinazotazama maji, na nyumba ambazo kodi yake kwa miaka mingi ilitajwa kwa dola. Lakini kabla Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, hajaanza katika miaka ya 1860 kujenga mji wake mpya kando ya Mzizima, pwani hii ilikuwa tayari na wenyewe. Mzizima, Msasani, Kunduchi na Mbweni vilikuwa vijiji vya Washomvi, kaumu ambayo masimulizi yake huinasibisha na Barawa, nao waliishi kwa kuvua, kuchemsha chumvi na kufanya biashara, ilhali nyuma yao katika bara la karibu Wazaramo walilima. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, ni ushahidi wa kutosha kwamba watu wa pwani hiyo hawakuwa mafukara wa kutupwa ufukweni na mawimbi, bali waungwana wenye kujua duniani kuna nini na kwamba kilichoko kinaweza kununuliwa. Masimulizi ya pande hizo husema kwamba Washomvi walipovamiwa na Wakamba walimwita Pazi Kilama, kiongozi wa Wazaramo, na kwamba alipokwisha kuwafukuza wavamizi hao pakawa na mapatano ya kumpa ada kila mwaka. Nalitaja jambo hili kwa kuwa mara nyingi husemwa kwamba pwani hapo kale haikuwa na mwenyewe. Mtu halipi ada kwa ajili ya kulinda kitu kisicho chake.

Niruhusuni nikae kidogo katika maisha ya kijiji hicho, maana pasipo kuyafahamu hatuwezi kufahamu kilichopotea. Mvuvi wa Msasani aliishi kwa kalenda mbili zilizofungamana. Ya kwanza ni ya pepo: kaskazi, ivumayo tangu mwisho wa mwaka hadi Machi au karibu yake, bahari ikawa laini na ngalawa zikaenda mbali, kusi, ambayo hushika katikati ya mwaka kwa nguvu na kuwafanya watu wavue karibu, nyuma ya visiwa vya Bongoyo na Mbudya vinavyoikinga ghuba, na baina yao maleleji, majira ya upepo usiotulia. Ya pili ni ya mwezi, kwa sababu bamvua huyavuta maji yakaacha wazi miamba na nyasi za bahari kwa umbali mkubwa, na hapo ndipo wanawake hutoka kuchokoa pweza, kuokota kome na chaza, na kutanda dagaa kwa vitambaa, ilhali katika maji mafu kazi ni ya mshipi na dema. Wengine walifunga uzio wa fito katika maji ya kina kifupi, samaki wakaingia maji yakijaa na kubaki yakitoka. Wengine walitega jarife. Wengine, baada ya taa ya karabai kufika, walivua dagaa usiku wa giza. Changu, tasi, chewa, pono, kolekole, nguru: kila samaki alikuwa na mahali pake, wakati wake, na mtu aliyesifika kwa kumjua.

Sasa angalieni kazi hii inahitaji nini katika nchi kavu. Haihitaji shamba. Inahitaji mchanga wa kupandishia ngalawa, kivuli cha kushonea nyavu, uwanda wa kuzianika, mahali pa kuwasha moto wa kukaangia au kukausha samaki ambao hawakununuliwa, kisima, na njia ya mchuuzi kutoka barabarani hadi majini. Vitu hivyo vyote vilikuwepo Msasani, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha mtu mmoja. Nyumba ilikuwa ya mwenye nyumba. Mnazi ulikuwa wa aliyeupanda au aliyemrithi, hata kama umesimama katika kiwanja cha mwingine, maana desturi ya pwani ilitenga mti na udongo. Lakini diko, yaani mahali pa kushukia vyombo, lilikuwa la kijiji kizima, na haki ya kulitumia ilipatikana kwa kulitumia. Mgeni aliyetoka Kilwa au Pemba kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, aliruhusiwa kutua, akatoa salamu kwa wazee, akapewa mahali. Haki hiyo haikuandikwa popote kwa kuwa hakuna aliyekuwa na shaka nayo.

Badiliko la kwanza lilikuja kwa daraja. Kati ya mji na rasi ya Msasani palikuwa na mkono wa bahari, mahali ambapo mto Msimbazi humwaga maji yake, na kwa muda mrefu mkono huo uliitenga rasi na pupa ya mji. Mwaka 1929 Waingereza walijenga hapo daraja lililopewa jina la John Einar Selander, aliyekuwa mkuu wa kazi za umma, na ambalo wenyeji wamelizoea kwa jina la Salenda. Watu hudhani kwamba thamani ya ardhi huzaliwa na uzuri wake, lakini upepo wa Msasani ulivuma vilevile mwaka 1900 na hakuna aliyeulipia. Uliolipiwa ni upepo uliokuwa dakika chache kwa gari kutoka ofisini. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuugawa mji kwa namna iliyorithiwa kwa Wajerumani, kila aina ya jengo na eneo lake, na kwa hakika kila aina ya watu na eneo lao: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na kwingineko. Upande wa bahari ulipojaa, daraja liliwafungulia wakubwa uwanda mpya, na Oyster Bay ikaanza kupimwa viwanja vipana, nyumba zikatengana kwa bustani. Ramani kuu ya mwaka 1949, iliyotungwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, haikuutaja mgawanyo huo kwa rangi za watu tena. Ilizungumza juu ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Lugha ilikuwa ya heshima zaidi, na watu wakabaki walipokuwa.

Katika hali hiyo kijiji cha Msasani kilibaki nyuma ya bustani hizo, kimevumiliwa kuliko kutambuliwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imeiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana, na ingawa marekebisho ya mwaka 1928 yalikiri haki ya wenyeji waliokaa kwa desturi zao, haki hiyo haikuwa na hati, na isiyo na hati hushindwa na yenye hati siku zinapokutana mbele ya mpima ardhi.

Uhuru ulibadili wakazi wa majumba, haukubadili majumba. Mawaziri na makatibu wakuu waliingia walikotoka maofisa wa Kiingereza. Na hapa kuna jambo linalostahili kusemwa kwa uadilifu: Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa na nyumba Msasani na aliishi huko badala ya Ikulu, na kwa miaka mingi neno Msasani katika vinywa vya watu lilimaanisha nyumbani kwa Mwalimu. Siasa ya wakati wake ilikuwa kinga ya aina fulani kwa kijiji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kupangisha nyumba, sheria ya mwaka 1971 ikataifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na ardhi tupu kwa mujibu wa sheria haikuwa bidhaa. Sidai kwamba hapakuwa na mauziano ya chini kwa chini. Yalikuwapo, nayo yalifanywa kwa jina la kuuziana minazi. Lakini tamaa ilikuwa na mpaka wake, kwa sababu mwenye nyumba ya fahari hakuwa na mpangaji wa fahari.

Mpaka huo uliondolewa kwa muda wa miaka michache. Uchumi ulifunguliwa kuanzia mwaka 1986. Mwaka 1991 maamuzi ya chama tawala huko Zanzibar yakalegeza masharti ya uongozi. Makampuni na mashirika ya kigeni yakaja na fedha za kigeni yakitafuta nyumba penye upepo, ulinzi na majirani wa namna yao. Yadi ya kutengenezea vyombo vya baharini upande wa ghuba ikawa mahali pa maduka, mikahawa na hoteli, pakiitwa Slipway hata leo. Kwenye ncha ya rasi ikainuka hoteli kubwa. Baada ya shambulio la Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulihamishiwa Msasani, katika jengo lililo kama ngome. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi wake, na nyumba za Oyster Bay zenye viwanja vipana zilianza kubomolewa ili ghorofa zisimame mahali pake. Mji uliokuwa na watu wapatao 129,000 mwaka 1957 ulihesabiwa kuwa na 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022, na katika mwaka huo wa 2022 daraja la pili, la Tanzanite, likavuka maji yaleyale ya Salenda kuelekea rasi ileile.

Wanaosimulia habari hii kwa kawaida husema kwamba wavuvi waliuza viwanja vyao kwa bei ndogo kwa kuwa hawakujua bei. Mimi naona maelezo hayo ni dhaifu. Mvuvi ni mfanyabiashara kila asubuhi ya maisha yake. Hupiga mnada akiwa bado na maji miguuni, na hakuna dalali anayeweza kumfundisha jinsi bei inavyopanda. Yawezekana wapo waliopunjwa. Lakini wapo pia waliouza kwa hiari, wakanunua mashine ya boti, wakasomesha watoto, au wakajenga vyumba vya kupangisha Bonde la Mpunga, ambako zamani kweli palilimwa mpunga na ambako sasa wanaishi wengi wa wale wanaofagia, kupika na kulinda katika majumba ya jirani. Kosa halikuwa katika bei ya kiwanja.

Kosa lilikuwa katika kile kilichohesabiwa. Kwa miongo mingi, hadi Sheria za Ardhi za mwaka 1999, yaani Namba 4 na Namba 5, fidia ya mtu aliyeondolewa katika ardhi ilikuwa ni ya maendelezo: mtathmini alikuja na daftari, akahesabu minazi shina kwa shina, miembe, mikorosho, kuta na mabati. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya mkulima, na hata yeye haikumtosheleza, maana Tume ya Rais juu ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoanza kazi mwaka 1991, ilisikia malalamiko hayo nchi nzima, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani katika shauri la Lohay Akonaay ikatamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Mvuvi alikuwa na dhiki nyingine juu ya hiyo. Yeye shamba lake lilikuwa majini. Kwa hiyo kadiri alivyokuwa mvuvi hodari zaidi ndivyo alivyokuwa na minazi michache zaidi, na kadiri alivyokuwa na minazi michache ndivyo daftari lilivyomwona maskini. Uwanda wa kuanikia nyavu uliandikwa kuwa ni ardhi tupu. Njia ya kwenda majini haikuandikwa kabisa.

Basi mtu mmoja akauza kiwanja chake, jambo ambalo ni haki yake, na mnunuzi akajenga ukuta, jambo ambalo ni haki yake pia. Jirani akauza, ukuta ukaendelea. Na siku moja kijiji kikaamka kikakuta kimetenganishwa na bahari, ingawa hakuna hata mtu mmoja aliyeiuza bahari. Kila mauziano peke yake yalikuwa halali. Jumla yake iliondoa kitu ambacho hakuna muuzaji aliyekuwa na mamlaka ya kukiuza. Hapa ndipo neno langu lote la leo lilipo: nyumba za Msasani ziliuzwa na wenyewe, lakini pwani ya Msasani ilikwenda bure pamoja nazo, kama mbeleko inayochukuliwa na anayempokea mtoto.

Ni kweli kwamba sheria imejaribu kuurudisha ufuko kwa umma. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zenye kuathiri mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Atakayetembea kandokando ya rasi atajionea mwenyewe utii wa baadhi ya kuta. Lakini hata pale sheria inaposhika, hutazama bahari kama mandhari ya kuhifadhiwa, haitaji diko. Meta 60 za mchanga mtupu zisizo na njia ya kuzifikia hazimfai mwenye ngalawa iliyobeba samaki saa moja asubuhi huku barafu ikiyeyuka.

Na uvuvi haukufa, jambo ambalo wageni hulishangaa. Msasani Kijijini vyombo vingali vikishuka, wachuuzi wangali wakigombana na madalali, wanawake wangali wakikaanga. Samaki wa hapo huenda katika jiko la hoteli iliyo umbali wa kutupa jiwe, akarudi kwenye sahani kwa bei ambayo aliyemvua angehitaji siku kadhaa kuipata. Sioni ajabu wala dhambi katika hilo, kwa kuwa mpishi naye kazi yake ina ujira. Wapo pia wavuvi walioiharibu bahari yao wenyewe kwa baruti na nyavu zenye matundu madogo, na si haki kumtwika mwenye ukuta lawama zote. Ila mvuvi aliyebanwa katika kipande kidogo cha mchanga, asiye na hakika kama mwakani atakuwapo hapo, ana sababu gani ya kuwaacha samaki wakue?

  Pwani nzuri humwita mvuvi kwanza na tajiri baadaye, katika kila nchi.

Sasa niifikie ile sababu ya pili niliyoiahirisha. Mkoa wa Njombe, ulioundwa mwaka 2012, watu huufikiria kuwa ni mkoa wa milima, na husahau kwamba upande wa Ludewa nchi inaporomoka hadi Ziwa Nyasa, na huko Manda na Lupingu kuna wavuvi wa mbasa na usipa, wenye mitumbwi, nyavu, vichanja na mwalo wao, kama vile Msasani ilivyokuwa na diko lake. Mlima ndio uliowakinga, kama mkono wa bahari ulivyoikinga rasi kabla ya mwaka 1929. Barabara nzuri itafika, na lazima ifike, kwa kuwa mama mjamzito wa Lupingu hawezi kusubiri ili sisi tuhifadhi mandhari. Ikifika, atakuja mtu mwenye heshima, mwenye fedha halali, akiona maji ya buluu na safu za milima, naye atauliza bei ya kiwanja.

Siku hiyo vijiji hivyo vitakuwa na silaha ambayo Msasani haikuwa nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaigawa ardhi ya kijiji sehemu tatu: iliyo ya jumuiya, iliyoshikwa na watu au kaya, na ya akiba, nayo inaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kupendekeza kipi kiwe cha jumuiya, na Mkutano Mkuu wa Kijiji uwezo wa kukubali au kukataa, kisha kuandikwa katika daftari. Ardhi ya jumuiya haigawiwi mtu. Watu wa Makambako, hata hivyo, mnafahamu kasoro ya kinga hiyo kuliko Waludewa: mji ukitangazwa, kijiji kikageuka mtaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji hautakuwapo tena, na ardhi huhamia katika mamlaka ya upangaji wa mji. Kilichokuwa kimeandikwa kabla ya hapo kina mahali pa kusimamia. Kisichoandikwa hurudi kuwa ardhi tupu katika macho ya mpimaji. Wakulima wenu waliozungukwa na mji huu wanaweza kutoa ushahidi bora kuliko wangu.

Ndiyo maana kazi hiyo ifanywe wakati ardhi ya ziwani haijawa na bei, maana wakati huo hakuna wa kuipinga. Waandike mwalo kwa jina lake. Waandike njia ya kuufikia, upana wake ukiwa wa gari la mizigo na si wa mtu mmoja. Waandike uwanda wa vichanja vya kuanikia usipa, na mti ambao watu hushonea nyavu chini yake kama upo. Vikundi vya BMU, vilivyowekwa ili wavuvi washiriki kusimamia uvuvi wao, vitie sahihi pamoja na Halmashauri ya Kijiji. Na kwa kuwa Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa miaka, mpaka wa upande wa maji usipimwe kwa kigingi kilichopigwa mahali pamoja, bali uandikwe kuwa unafuata maji popote yatakapokuwa. La sivyo ziwa likirudi nyuma patazuka kipande kipya cha mchanga ambacho kila mwenye kiwanja atadai kuwa ni upanuzi wa kiwanja chake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, niliyokuja nayo yamekwisha. Naambiwa wapo humu ndani watu wawili watatu waliotoka mwambao wa Ludewa, na kama ratiba inaruhusu ningeomba wao ndio watangulie kuzungumza kabla ya maswali.